Mkono wa Serikali Shambani Makangale



Jumapili iliyopita, baada ya chai ya asubuhi, yalizuka mabishano nyumbani kwangu ambayo hayakwisha hata adhuhuri ilipoadhiniwa. Nayaleta kwako leo kwa sababu nahisi kwamba mabishano kama hayo huzuka katika nyumba nyingi za mjini, hasa mwisho wa mwezi, mshahara unapokuwa umekwisha kabla ya siku zake.

Mpwa wangu, kijana mwenye kazi yake bandarini, alikuja kunitembelea pamoja na mkewe na mtoto wao mdogo. Redio ilikuwa ikisoma habari, na katika habari hizo wakatajwa wakulima wa mpunga na pembejeo wanazouziwa kwa bei iliyopunguzwa na Serikali. Mpwa wangu akakiweka kikombe chini, akasema:

"Mjomba, hebu nieleze. Mimi nakatwa kodi kabla sijauona mshahara wangu. Nauli natoa kamili, mchele nanunua kwa bei kamili, pango la chumba nalipa kamili. Mkulima yeye analimiwa shamba kwa robo ya gharama. Kwani sisi wafanyakazi tumekosa nini?"

Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia nilipomsikia mkewe akijibu badala yangu. Bibi huyu ni mzaliwa wa Makangale, kule kaskazini mwa Pemba, na mama yake mzazi angali yuko huko, analima.

"Mimi siwajui hao wakulima unaowasema," alisema kwa upole, huku akimpangusa mtoto mdomo. "Mama yangu analima tangu mimi sijazaliwa. Ana muhogo, ana minazi michache, na ana ng'ombe wawili. Hiyo robo na robo tatu sijapata kumsikia akiitaja hata siku moja."

Hapo mimi nikanyamaza, maana niliona tumefikia jambo zito. Mume anaona kwamba mkulima anapewa mno. Mke anaona kwamba mama yake, ambaye ni mkulima hasa, hajapewa kitu. Na mimi nakwambia, ndugu msomaji, kwamba wote wawili walikuwa wakisema kweli. Yawezekanaje? Hilo ndilo nitakalo tulitazame leo, taratibu na bila ya hamaki.

MAKANGALE NI WAPI

Kwa msomaji ambaye hajafika huko, Makangale iko kaskazini-magharibi kabisa mwa kisiwa cha Pemba, katika Wilaya ya Micheweni, Mkoa wa Kaskazini Pemba. Ukitoka Wete utapita Konde, kisha njia itakuingiza katika Msitu wa Ngezi, msitu mkongwe wenye miti mirefu, ambao ni maskani ya yule popo mkubwa wa Pemba asiyepatikana kwengineko duniani. Ukitokeza upande wa pili umefika Makangale. Mbele yake kuna ufuo wa Verani, na mwisho wa nchi kavu ni Ras Kigomasha penye mnara wa taa unaoongoza vyombo katika mkondo wa Pemba. Watalii huja kutoka nchi za mbali kuogelea na kupumzika katika pwani hiyo.

Lakini uzuri wa pwani haujazi chungu. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya uliofanywa Zanzibar mwaka 2004/05 ulionyesha kwamba Micheweni ndiyo iliyokuwa wilaya maskini kuliko zote Unguja na Pemba. Karibu robo tatu ya wakaazi wake hawakuweza kuyatimiza mahitaji ya lazima ya maisha. Wengi wetu tukiisikia Pemba hufikiri karafuu, lakini sehemu kubwa ya wilaya hiyo, hasa upande wa mashariki, ni ardhi ya mawe, ambayo mkarafuu haiupendi na mpunga hauipendi. Watu wa huko huishi kwa muhogo, mtama, kunde, nazi, uvuvi, na ng'ombe wa kienyeji wanaofungwa kamba chini ya minazi.

Mweke huyo mama mkwe wa mpwa wangu akilini mwako, msomaji, kwa maana tutarudi kwake.

RUZUKU NA RIZIKI

Neno ruzuku na neno riziki ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yametoka katika Kiarabu, na yote mawili yanahusu kile ambacho kiumbe hupewa apate kuishi. Pengine ndiyo sababu watu huisikia ruzuku kama sadaka: mwenye nacho amemwonea huruma asiye nacho. Katika mambo ya serikali, ruzuku ina maana nyingine. Ni fedha ya umma inayotolewa makusudi ili jambo ambalo umma unalihitaji liweze kufanyika, kwa kuwa mtu mmoja mmoja, akiachwa peke yake, hataweza kulifanya au atalifanya kwa uchache.

Ruzuku ya kilimo huja kwa njia kadhaa. Serikali yaweza kupunguza bei ya vitu anavyohitaji mkulima, kama kulimiwa kwa trekta, mbegu, mbolea na dawa ya magugu. Yaweza kumhakikishia bei nzuri ya mazao yake. Yaweza kumpa huduma bure au kwa bei ndogo: bwana shamba, daktari wa mifugo, chanjo, josho la kuulia kupe. Na yaweza kumpa fedha mkononi, kama zifanyavyo nchi tajiri.

Kilimo si jambo la Muungano, na kila upande una mipango yake. Zile mbolea za bei nafuu zilizozinduliwa Mbeya siku ya Nane Nane mwaka 2022, ambapo mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ulishushwa hadi shilingi 70,000, zilikuwa za mkulima wa Bara. Kwa upande wa Zanzibar, katika ule mpango ulioitwa Mapinduzi ya Kilimo, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010, Serikali ilijitwika asilimia 75 ya gharama za pembejeo za mpunga na kumwachia mkulima asilimia 25. Hiyo ndiyo robo iliyomkera mpwa wangu.

Kwa nini mpunga? Mpwa wangu na angalitazama sahani yake angalipata jibu. Wazanzibari ni walaji wa wali, na sehemu kubwa ya mchele wao huja kwa meli kutoka Asia. Mwaka 2007 na 2008 bei ya chakula ilipopanda dunia nzima, India iliuzuia mchele wake usitoke ili kuwalisha kwanza watu wake. Julai 2023 ikauzuia tena mchele mweupe wa kawaida. Nchi iliyo ng'ambo ya bahari ikifunga ghala lake, mfanyakazi wa Darajani huambiwa na mwenye duka kwamba bei ya jana si ya leo. Kila pishi ya mchele inayovunwa katika mabonde ya Pemba ni pishi moja ambayo hatukuiombea rukhsa kwa mtu. Kwa hiyo ile robo tatu iliyotolewa na Serikali haikuliwa na mkulima peke yake. Mlaji wa mjini naye ana mkono katika sahani hiyo.

NANI ALIMRUZUKU NANI?

Jambo la pili nililomwambia mpwa wangu ni hili: kabla hujahesabu ulichompa mkulima wa Pemba, hesabu kwanza alichokupa yeye.

Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja na kuisalimisha sehemu kubwa ya ile ya Pemba. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyokuwa ghala la karafuu la visiwa hivi. Tawala zilibadilika, lakini mpandaji mkarafuu wa Pemba aliendelea kupanda mti mrefu, kuchuma, kuchambua na kuanika, na karafuu yake iliendelea kulipia mambo ya nchi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa na wakulima wakagawiwa eka tatu tatu. Mwaka 1968 likaundwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ambalo ndilo lililokuwa mnunuzi pekee wa karafuu.

Katika miaka ya sabini bei ya karafuu ilikuwa ya juu sana duniani, lakini mkulima alilipwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Iliyobaki iliingia katika hazina. Haikupotea bure, tuseme kweli: fedha za karafuu zilisaidia kujenga majumba ya Michenzani, zikasaidia elimu na matibabu ya bila malipo, zikaleta hata televisheni ya rangi wakati majirani zetu wengi hawajaiona. Lakini utaona, msomaji, nani aliyekuwa akimruzuku mwenziwe. Mchumaji wa Pemba alikuwa akiuruzuku mji.

Kisha mambo yakageuka. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu kwa ajili ya sigara zake, ikapanda mikarafuu yake hadi ikajitosheleza. Katika miaka ya themanini bei ikaanguka. Mkulima aliyekuwa hakuwekewa akiba wakati wa neema alijikuta hana ngao wakati wa shida. Wengine waliiacha mikarafuu izeeke, na wengine wakavusha karafuu usiku kwa mashua kupeleka Kenya, ambako bei ilikuwa bora. Magendo ni kosa, na sheria iliwaandama. Lakini bei mbaya ni mwalimu wa magendo. Mwaka 2011 kilo ya karafuu za daraja la kwanza ilipopandishwa hadi shilingi 15,000, na Serikali ikaahidi kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, magendo yalipungua sana. Doria haikuwa imepata kuyapunguza namna hiyo. Mwaka 2014 ikatungwa sheria ya maendeleo ya karafuu pamoja na mfuko wake. Haya yote ni mema, na tunayapongeza. Ila tusiyaite sadaka. Ni deni la zamani linalolipwa kidogo kidogo.

Mpwa wangu alitikisa kichwa. "Hapo umenipata, mjomba," akasema. Lakini mkewe hakutikisa kichwa. Akaniuliza: "Na mama, asiye na mkarafuu wala bonde la mpunga, deni lake linalipwa wapi?"

RUZUKU HUMFUATA NANI?

Swali hilo, ndugu msomaji, ndilo kiini cha mazungumzo yetu. Hebu tufanye hesabu ya mfano, isiwe bei ya duka wala ya ofisi yoyote. Tuseme kulimiwa eka moja ya mpunga, pamoja na mbegu, mbolea na dawa, kunagharimu jumla ya shilingi 200,000. Serikali ikibeba robo tatu, mkulima atatoa 50,000 na Serikali itatoa 150,000. Mwenye eka moja bondeni amesaidiwa 150,000. Mwenye eka nne amesaidiwa 600,000. Mwenye eka moja na nusu ya muhogo juu ya mawe, je? Hakusaidiwa kitu, kwa kuwa ruzuku hiyo haikutumwa kwake. Ilitumwa kwa mpunga, nao mpunga haukai kwake.

Hapa hapana dhuluma ya mtu wala hila ya karani. Ni tabia ya ruzuku yenyewe. Ikifungwa kwenye zao, humfuata mwenye zao hilo. Ikifungwa kwenye ukubwa wa shamba, humfuata mwenye shamba kubwa. Na anayesahauliwa daima ni yule ambaye hana wingi wa chochote.

Usidhani kwamba maradhi haya ni yetu peke yetu. Marekani ilianza mwaka 1933 kuwalipa wakulima wake, wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi. Ulaya ya Magharibi ilianza siasa yake ya pamoja ya kilimo mwaka 1962, kwa nia njema ya kuwalisha watu waliotoka katika njaa ya vita na kumhifadhi mkulima mdogo. Bei zikahakikishwa, wakulima wakazidisha, na kufikia miaka ya themanini maghala yao yakajaa kile walichokiita milima ya siagi, hata mwaka 1984 ikabidi kila nchi iwekewe kiwango cha maziwa isichoruhusiwa kukipita. Baadaye wakaanza kuwalipa wakulima kwa kadiri ya ardhi waliyo nayo. Matokeo yake ni kwamba takriban asilimia 80 ya malipo hayo ilikwenda kwa asilimia 20 tu ya wanaolipwa, nao ni wenye mashamba makubwa. Mwanzoni mwa karne hii wataalamu walipiga hesabu wakaona kwamba ng'ombe mmoja wa Ulaya alikuwa akigharimiwa zaidi ya dola 2 kwa siku, wakati mamilioni ya binadamu Afrika waliishi kwa chini ya hizo. Ng'ombe wa Makangale akisikia habari hizo atakata kamba ahame!

Tanzania Bara nayo ilijaribu njia yake. Kuanzia mwaka 2008 palikuwa na vocha za pembejeo, zilizofikia kaya zaidi ya milioni 2 kabla mpango huo haujasimama. Vocha ililipia karibu nusu ya bei ya mbolea na mbegu za mahindi au mpunga kwa eka moja, na kamati ya kijiji ndiyo iliyochagua nani apewe. Lilikuwa jambo jema kwamba iliwekwa eka moja, maana mwenye eka kumi hakuweza kujibebea kumi. Lakini aliye maskini kabisa hakuwa na ile nusu ya pili. Wapo walioshika vocha mkononi wakaishia kuiuza kwa fedha kidogo, na wapo walioitia sahihi wakala akachukua malipo bila ya mbolea kufika shambani. Nusu ya bei ni bure kwa mwenye nusu nyengine tu.

Kulikuwa pia na ruzuku iliyotolewa na TASAF, ule mpango wa kunusuru kaya maskini uliofika Unguja na Pemba katika miaka ya 2010. Huo haukuuliza unalima nini. Uliuliza unaishi vipi, ukalipa fedha taslimu kwa kaya, mara nyingi mkononi mwa mama. Fedha zenyewe hazikuwa nyingi, lakini wapo walionunua kuku na mbuzi, wakaanza kitu. Hapo pana somo: maskini akipewa nafasi ya kuchagua, mara nyingi anajua shamba lake linahitaji nini kuliko sisi tulio mjini.

NG'OMBE WAWILI

Sasa turudi kwa wale ng'ombe wawili. Ng'ombe wa kienyeji wa Pemba ni mvumilivu. Hula majani aliyoyapata, huyastahamili magonjwa, na humlimia na kumbebea mwenyewe mizigo. Lakini maziwa yake ni lita moja au mbili kwa siku, na ndama naye ataka fungu lake. Ng'ombe chotara, aliyezaliwa kwa mama wa kienyeji na mbegu ya ng'ombe wa maziwa, aweza kutoa lita sita mpaka kumi akitunzwa vyema. Tofauti hiyo ni tofauti ya kaya kunywa maziwa na kaya kuuza maziwa.

Mbona basi mama asiwe na chotara? Kwa sababu chotara hataki shida. Ataka majani yaliyokatwa kila siku, pumba na mashudu, maji mengi, na dawa ya kupe kila juma, vinginevyo ndigana kali itamwondoa asubuhi na mapema. Na maziwa yakishapatikana, yapelekwe wapi? Yakitoka Makangale kupitia msituni mpaka Konde, na kutoka Konde mpaka Wete, jua limekwisha panda. Pasipo chombo cha kupozea, maziwa mabichi ya asubuhi huwa mtindi jioni kabla ya kumfikia mnunuzi. Mjini nako mnunuzi keshajizoesha maziwa ya unga ya kopo, yaliyosafiri maelfu ya maili, na ambayo kwa miaka mingi yalitoka katika nchi zilizowaruzuku wafugaji wake hata wakaweza kuyauza nje kwa bei ya chini. Biashara ya namna hiyo ililalamikiwa sana na nchi maskini, na mkutano wa Shirika la Biashara Duniani uliofanyika Nairobi Desemba 2015 ndio uliokubaliana kwamba ruzuku za kusafirishia mazao nje zikomeshwe. Kwa hiyo, msomaji, unapokoroga unga ule katika chai yako, huenda ukawa umekoroga ruzuku ya mtu mwengine.

Hapo ndipo penye kazi ya mkono wa Serikali, na njia zipo. Ipo ile ya kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ambayo imetumika katika sehemu nyingi za Tanzania. Mfugaji hupewa mtamba mwenye mimba. Halipi shilingi. Hulipa ndama jike wa kwanza, naye hupewa jirani, na jirani akizalisha humpa wa tatu. Ruzuku hii ina uzuri wake: hutolewa mara moja, kisha ikatembea yenyewe nyumba hadi nyumba, na kila aliyepokea huwa mtoaji mbele ya macho ya jirani zake. Zipo pia zile skuli za wakulima zilizoenezwa Unguja na Pemba kuanzia mwaka 2007 kwa msaada wa mfuko wa kimataifa wa IFAD, ambapo wakulima na wafugaji walikutana shambani na kufundishana kwa vitendo. Elimu ni ruzuku isiyoibika njiani. Na kituo kimoja cha kukusanyia na kupozea maziwa, kilicho karibu na wafugaji, huwasaidia kwa pamoja mwenye ng'ombe mmoja na mwenye kumi, maana lita ya mmoja na lita ya mwengine hupimwa kwa kipimo kimoja.

YALIYO JUU YETU

Nini basi kifanyike? Mimi si waziri wala si bwana shamba, lakini mwenye kulipa kodi ana haki ya kusema, na mama wa Makangale ana haki zaidi.

Kwanza, ruzuku ije kwa wakati. Mpunga wa mvua haumngoji mtu. Trekta likifika masika yamekwisha shika, na mbolea ikifika mpunga umekwisha chanua, ile robo tatu imelipwa na Serikali na hasara imelipwa na mkulima. Mbolea ya nusu bei iliyochelewa ni ghali kuliko ya bei kamili iliyowahi.

Pili, orodha ya wanaosaidiwa isomwe hadharani, mbele ya sheha na watu wake, na karatasi yake ibandikwe ukutani mahali ambapo kila mtu apita. Majirani hujuana. Wanajua nani analima na nani ana shamba la karatasi. Jua ni dawa ya ukungu.

Tatu, ruzuku imtazame mtu kabla ya kulitazama zao. Awekwe mwenye bonde, na awekwe mwenye mawe. Muhogo ndio unaoiokoa Pemba mchele unapoadimika. Mbegu nzuri ya muhogo isiyoshambuliwa na maradhi, ikigawiwa Micheweni, ni akiba ya chakula cha taifa kama ulivyo mpunga wa bondeni.

Nne, kuna la kwetu sisi wa mjini. Tusingoje Serikali peke yake. Tukiwa na njia ya kupata maziwa mabichi ya wafugaji wetu, tuyanunue, tuyachemshe vyema, tuwanyweshe watoto. Wenye hoteli na mikahawa, pamoja na wale waliojenga katika pwani nzuri za kaskazini mwa Pemba, nao wajiulize maziwa na mboga wanazowaandalia wageni zimetoka wapi, ilhali jirani yao ana ng'ombe. Mteja wa hakika ni ruzuku kubwa kuliko ya hazina, maana hiyo hairudiwi kila bajeti.

Adhuhuri ilipoadhiniwa tulinyanyuka kwenda kusali. Njiani mpwa wangu aliniambia kwamba mwaka huu akipata likizo atakwenda Makangale na mkewe, akamwone mama, na akajionee mwenyewe eka moja na nusu hiyo inayolimwa na mwanamke wa umri ule kwa jembe la mkono. "Nikirudi," alisema, "nitakuja kukuambia kama bado nalalamika." Nikamwambia alalamike tu, lakini alalamike mahali panapostahiki: asiseme mkulima anapewa mno, aseme mkulima gani hajafikiwa.

Nawe, ndugu msomaji, kama unaye mama au baba au shangazi aliye shamba, muulize juma hili: je, mkono wa Serikali umemfikia, na ulimfikia kabla ya mvua au baada yake? Jibu atakalokupa lina thamani kuliko hotuba nyingi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na ruzuku njoo, mkulima mdogo apone.

Tukijaaliwa, tutaonana Jumapili ijayo.